Fredi, ile bia ya asubuhi

Moshi, Jumapili usiku

Kaka Fredi,

Habari za Dar? Mama nifikishie shikamoo. Huku wazima, mvua imeshuka na migomba imepata uhai.

Tangu harusi ya Devota sijatulia. Asubuhi ile tulipokaa kwenye supu, ulisukuma bakuli la makongoro pembeni ukaagiza bia ya kuzimulia. Glasi uliishika kwa mikono miwili, povu likakumwagikia vidoleni. Ilipofika nusu, mikono ikatulia. Mimi nikainama, nikawa nakamua ndimu iliyokwisha kauka.

Hangova tunazijua, kaka. Enzi tumepanga Majengo, mama mwenye nyumba alikuwa anatugongea mlango na sufuria ya mtori, tunakunywa, tunalala mpaka saa nane mchana, tunaamka watu. Pombe inakojoza sana, mwili unakauka. Ndiyo maana supu yenye chumvi inasaidia, na dafu vilevile. Ukikosa vyote, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, unakunywa taratibu. Kahawa itakufumbua macho tu, pombe ini linaitoa kwa mwendo wake lenyewe. Na zile Panadol nne kwa mpigo, tafadhali acha. Ini hilohilo ndilo linazibeba.

Ila kuzimua, Fredi, hakutibu, kunasogeza mbele tu. Na mikono inayotulia kwa bia, hiyo siyo hangova tena. Nilimuuliza daktari wa zahanati yetu, jina lako sikulitaja. Akasema mwili ukishazoea hivyo, mtu asiache ghafla peke yake nyumbani, anaweza kupata degedege. Kwa hiyo siji kukwambia uache kesho. Nataka twende hospitali, mimi na wewe, wakusimamie wanaojua.

Nauli usiwaze, ndizi zimetoka vizuri. Mzee Temba anakusalimu, bado anaulizia shoka lake.

Niambie ukweli: unatetemeka kila asubuhi, au ilikuwa siku ile tu? Usiku usingizi unakuja? Unakula? Shemeji anajua, au nisimguse kwanza? Nikipanda basi la alfajiri Alhamisi, nitakukuta?

Ndugu yako,
Eliya