Risala ya klabu ya ngumi kwa mgeni rasmi: Ike Quartey na miaka aliyokaa bila kupigana

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, kocha wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, habari za mchana. Kwanza kabisa asante kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana na tunajua pia kwamba siku ya ngumi sio siku ambayo wageni huwa wanaigombania, wengi wakipewa nafasi wanachagua kuja fainali ya mpira.

Kwa kawaida risala inaanza na klabu ilianza lini, ina wanachama wangapi, alafu inashuka moja kwa moja kwenye maombi. Sisi tumeomba ruhusa kwa kocha tufanye tofauti kidogo. Muhula huu alitupa kazi kila mtu achague bondia mmoja mstaafu wa uzito wa welter, ule wa mwisho pauni 147 yani kama kilo 66.7, asome rekodi yake yote pambano kwa pambano sio kuangalia nokauti tu kwenye simu. Wengi walileta Wamarekani, Sugar Ray Leonard, Mayweather na wenzao, hao kila mtu anawajua. Lakini aliyetufanya tubishane mpaka muda wa mazoezi ukaisha ni Ike Quartey wa Ghana, na maombi yetu yatakuja humohumo ndani, ukishamjua huyu jamaa utayaelewa bila sisi kupiga kelele nyingi.

Quartey alizaliwa Accra mwaka 1969, mtaa wa Bukom, mtaa wa wavuvi ambao umetoa mabondia mpaka mtu unajiuliza kule watoto wanalishwa nini. David Kotei, bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Ghana mwaka 1975, katokea hukohuko. Na nyumbani kwao ngumi ilishaingia zamani, kaka yake Clement Quartey alichukua medali ya fedha Olimpiki ya Roma 1960, ambayo ndo medali ya kwanza kabisa ya Ghana kwenye Olimpiki. Huyu Ike mwenyewe alienda Olimpiki ya Seoul 1988, hakurudi na medali, mwaka huohuo akaingia ngumi za kulipwa.

Tarehe 4 Juni 1994 huko Levallois-Perret, Ufaransa, alipewa nafasi ya kugombea mkanda wa WBA, moja ya vyama vya ngumi vinavyotoa ubingwa wa dunia, dhidi ya Crisanto España wa Venezuela. España alikuwa mrefu na hajawahi kupoteza pambano hata moja. Quartey akamsimamisha raundi ya 11, yani pambano likaishia hapo kabla ya raundi kwisha. Alafu akautetea mkanda miaka mitatu, na wapinzani wengi hawakufika mwisho, Vince Phillips alienda raundi 3 tu, Oba Carr yeye alimaliza zote 12 pale Madison Square Garden lakini akashindwa kwa pointi.

Mheshimiwa mgeni rasmi hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo utamu ulipo. Silaha ya Quartey ilikuwa jabu. Kwa wazazi ambao sio watu wa ngumi, jabu ni ile ngumi ya mkono wa mbele, wengi wetu tunairusha kama mtu anayefukuza inzi, lengo ni kumsumbua tu mwenzio ili mkono wa nyuma uje kufanya kazi. Ya Quartey ilikuwa ndo kazi yenyewe. Ukimwangalia taratibu unaona glovu zote mbili ziko juu zimegusa mashavu, viwiko vimebana mbavu, na ngumi inatokea palepale shavuni inaenda moja kwa moja, haishuki kwanza, bega halitangulii, kwaiyo mpinzani hapati taarifa yoyote mpaka kichwa kimesharudi nyuma. Alafu mkono unarudi shavuni kwa njia ileile. Kocha alitusimamisha mbele ya kioo siku nzima tufanye hicho kitu kimoja tu, nawaambieni ni kigumu kuliko kuruka kamba nusu saa, mkono ukichoka wenyewe unaanza kushuka na wewe hujui. Ndo maana walimwita Bazooka, yani silaha ya begani ya kurushia makombora, na ukiangalia rekodi yake ya mwisho ushindi 37, nokauti 31, unaona jina halikuwa la mapambo.

Sasa shida inaanza Oktoba 1997. Alipigana na José Luis López wa Mexico, akadondoshwa mara mbili lakini raundi nyingi alizimiliki yeye, majaji wakatoa sare, mkanda ukabaki kwake. Alikuwa hajapoteza pambano, anakaribia kutimiza miaka 28, umri ambao bondia mwili bado unamtii na akili imeshakomaa. Kila mtu alikuwa anasubiri akutane na Oscar De La Hoya, bingwa nyota wa Marekani wa uzito huohuo, na yeye akasubiri. Akasubiri mpaka WBA wakamnyang'anya mkanda 1998 kwa sababu hautetei, na pambano lenyewe lilipopangwa Novemba likaahirishwa kwa sababu De La Hoya alipata jeraha la jicho. Walipokuja kupigana ilikuwa Februari 13, 1999 Las Vegas, yani mwaka mmoja na miezi minne bila pambano lolote.

Na bado karibu ashinde! Raundi ya 6 De La Hoya alimpeleka chini kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha, Quartey akainuka, na raundi hiyohiyo akamrudishia, De La Hoya naye akakaa chini. Raundi za katikati jabu ilifanya kazi yake mpaka De La Hoya akawa hajui aanzie wapi. Tatizo ni raundi ya 12. De La Hoya alitoka kwenye kona kama mtu aliyeambiwa anadaiwa, akamdondosha tena, akambana kwenye kamba akamvurumishia ngumi mfululizo, Quartey hakuanguka mara ya pili ila hakuwa na majibu pia. Majaji wawili wakampa De La Hoya, mmoja akampa Quartey. Humu klabuni tumegawanyika nusu kwa nusu na kuna marafiki waliacha kusalimiana kwa siku kadhaa kwa ajili ya hiyo raundi ya 12.

Mimi nilikuwa upande wa wanaosema aliibiwa, ila nikiangalia tarehe naona kuna kitu kikubwa zaidi ya majaji. Baada ya hapo hakupigana tena mpaka Aprili 2000, na pambano la kurudi hakupewa mtu wa kujipashia, alipewa Fernando Vargas, bingwa wa dunia wa IBF, chama kingine cha ngumi, tena uzito wa juu zaidi. Akapoteza kwa pointi. Alafu kimya mpaka Januari 2005. Yani kuanzia Novemba 1997 mpaka mwisho wa 2004, miaka saba, huyu mtu alipanda ulingoni mara mbili tu! Mara mbili, na zote ni dhidi ya mabingwa wa dunia. Aliporudi ana miaka 35 bado alishinda mapambano matatu, likiwemo la Verno Phillips, kisha 2006 akapoteza kwa Vernon Forrest kwa pointi ambazo watu wanabishania mpaka leo, na Desemba mwaka huo akapoteza kwa Winky Wright, akaishia hapo. Amepoteza mara nne tu maisha yake yote na hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyemsimamisha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hapo ndo tunapokuja na la kwetu. Klabu hii inafanya mazoezi vizuri, kocha anajitolea, begi tunalo japo limeshonwa shonwa, lakini mapambano hatuna. Kuna mwenzetu hapa mbele, yule mwenye fulana nyekundu anayecheka, anafanya mazoezi tangu kidato cha kwanza na hajawahi kupigana na mtu asiyemjua, kila siku anapigana na sisi haohao, ngumi zetu anazijua kwa kichwa kama nyimbo za shule. Mashindano yanatangazwa yanaahirishwa, yanatangazwa tena, na sababu huwa ni zilezile, hakuna daktari wa ulingoni, hakuna mizani ya kupimia uzito, hakuna refa.

Kwaiyo hatuombi ulingo mpya wala sare za mazoezi, hizo tutazihangaikia wenyewe. Tunaomba utusaidie ipatikane ratiba ya mapambano na shule nyingine, hata mara moja kwa muhula, na isibadilishwe hovyo. Tunaomba daktari awepo kila pambano, hili hatutaki lijadiliwe hata kidogo, wazazi waliopo hapa wana haki ya kuogopa na sisi wenyewe hatutaki kupigana bila mtu wa kutuangalia macho na kichwa baada ya pambano. Na tunaomba mizani iliyo sahihi, maana ya sasa hivi ukipanda mara mbili unapata watu wawili tofauti.

Baada ya risala hii wenzetu wawili watapanda ulingoni wakuonyeshe raundi tatu, ni onyesho tu hakuna mshindi, angalia mkono wa kushoto wa yule wa kona ya bluu utajua nani alikuwa anafanya homework ya Quartey. Kwa niaba ya klabu, naomba kuwasilisha.