Hipotenusi iko hewani

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mwalimu anayewatoa wanafunzi nje na simu mkononi wasake majibu anawachezesha tu, hawafundishi. Mimi ni mwalimu wa hisabati na hufanya hivyo hivyo alivyokemea. Naomba nafasi nimjibu.

Msako wenyewe uko hivi. Nabandika karatasi kwenye kuta, miti na nguzo. Kila karatasi ina namba kubwa juu na msimbo wa QR chini. Kundi likiskani, simu inaonyesha swali la trigonometria (hesabu za pembe na pande za pembetatu), na jibu lake ni namba iliyo juu ya karatasi nyingine ambayo lazima waitafute. Karatasi ya mwisho huwarudisha kwenye ya kwanza, kwa hiyo kila kundi linaanzia pake na hakuna wa kufuata nyayo za wenzake. Simu moja inatosha watu wanne. Intaneti haihitajiki, kwa kuwa maneno ya swali yamo ndani ya msimbo wenyewe. (Misimbo hii ilibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, ikaundwa isomeke hata ikichafuka kidogo. Karatasi zangu zenye matope bado zinasomeka.)

Mara ya kwanza nilikosea. Nilibandika majibu sahihi peke yake, na aliyekosa hesabu hakuiona namba yake popote, akaanza kuskani karatasi yoyote iliyo karibu. Hapo msomaji wetu angekuwa na haki ya kulalamika. Siku hizi nabandika pia majibu ya makosa, yale ninayoyajua kwa kuyasahihisha miaka mingi. Kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe, tofauti na nyuzi), kwa mfano, husema sini ya 30 ni -0.988, na mwanafunzi huinakili bila kushtuka. Basi -0.988 nayo ina karatasi yake, na msimbo wake unauliza: "Pembe yako ni nyuzi au radiani?"

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la mlingoti wa bendera. Wanafunzi wanasimama mita 12 kutoka kwenye shina lake, wanalenga ncha kwa kipimapembe chenye uzi na kijiwe, wanatoa kwenye 90 nyuzi ambazo uzi umeangukia, wanapata pembe ya mwinuko: nyuzi 35. Muhula uliopita kundi moja lilizidisha 12 kwa sini ya 35, likapata 6.9. Karatasi ya 6.9 ipo. Msimbo wake ukawauliza: "Mita 12 mlizopima ni upande gani?"

Wakabishana. Mmoja alishikilia kwamba ni hipotenusi, yaani upande mrefu unaotazama pembe mraba. Msichana ambaye darasani hanyooshi mkono akarudi pale waliposimama, akanyoosha mkono kuelekea nchani, akasema: "Hipotenusi ni hii. Iko hewani. Sisi tumepima ya chini."

Ubaoni nimeuchora mstari ule mara zisizo na idadi. Lakini ubaoni pande zote tatu ni chaki, zinafanana, na mtoto anaweza kuupa upande wowote jina lolote. Pale nje upande mmoja aliukanyaga kwa miguu yake, wa pili ulikuwa chuma, na wa tatu haukuwa na kitu isipokuwa macho yake. Namwuliza msomaji wetu kwa heshima: huo ni mchezo gani?

Wakatumia tanjenti, ambayo huhusisha upande wa wima na wa chini, si hipotenusi kama sini, wakapata 8.4. Walizunguka wakiitafuta 8.4 wasiione, kwa kuwa hiyo sikuibandika kwa makusudi. Kisha yule yule aliyeshikilia hipotenusi akasimama ghafla: "Tumelenga kutoka machoni, si kutoka ardhini!" Wakapima urefu hadi machoni pa mwenzao, mita 1.5, wakajumlisha.

Karatasi ya 9.9 ilikuwa mlangoni mwa maktaba. Walikwenda mbio.

Mwalimu wa hisabati