Wenye Aqua na Prius, angalieni tundu la hewa la betri

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye magari ya haibridi (yanayotumia injini ya petroli na mota ya umeme) jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Betri kubwa ya Toyota Aqua na Prius za zamani hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo chini au pembeni ya kiti cha nyuma. Vumbi la barabara zetu, pamoja na mifuko na nguo zinazotupwa hapo, huliziba. Betri ikipata joto, seli huchoka mapema na taa ya onyo huwaka. Mwenye gari huambiwa anunue betri nzima!

Bandua kifuniko cha tundu, toa kichujio kama kipo, kisafishe kwa brashi laini, na usipulizie maji kamwe. Feni yenyewe hunasa nywele na nyuzi za zulia, lakini hiyo mwachie fundi wa haibridi. Betri ya Aqua za 2011 hadi 2021 ina volti 144, ya kuua mtu. Fundi lazima achomoe plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, avae glavu za kukinga umeme, na asubiri dakika 10 kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa.

Tena, msikubali kubadilishiwa moduli (kipande chenye seli kadhaa) moja kati ya 20 za betri ya Aqua bila kuonyeshwa vipimo vya zote. Moduli isiyolingana na wenzake huwachosha, na taa hurudi.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam