Mafuta endelevu ya mbio: tuambiwe kaboni imetoka wapi

Mhariri,

Tangu ilipotangazwa kwamba kuanzia msimu wa 2026 magari ya Formula 1 yatatumia mafuta endelevu kwa asilimia 100, nimekuwa nikisoma habari za michezo zinazodai kuwa magari hayo hayatatoa tena hewa ukaa. Dai hilo si sahihi, nami kama mshabiki wa mbio wa miaka mingi naomba nafasi nieleze sababu.

Injini inayochoma petroli, iwe petroli hiyo imetokana na mafuta yaliyochimbwa ardhini au imeundwa kiwandani, hutoa kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa, kwenye ekzosi vilevile. Tofauti hutokea kabla mafuta hayajafika kwenye tangi: kaboni ya mafuta ya visukuku ilikuwa imezikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka, ilhali ile ya mafuta endelevu inatakiwa iwe imetoka hewani karibuni, ama kwa kufyonzwa na mmea au kwa kunaswa na mtambo. Kwa hiyo anayetaka kujua iwapo mafuta fulani yanastahili jina hilo hana budi kuuliza kaboni yake imetoka wapi na yametengenezwa kwa nishati gani.

Majibu hutofautiana mno. Katika mbio za magari za Saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, tangu 2022 yanatumika mafuta ya TotalEnergies yanayotokana na makapi ya zabibu na mashapo ya mvinyo. IndyCar, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, ilianza mwaka 2023 kutumia mafuta ya Shell ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli ya mabaki ya miwa. Karibu na Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, mtambo wa majaribio wa Haru Oni, uliozinduliwa Desemba 2022 kwa kuungwa mkono na Porsche, hutumia umeme wa upepo kutenganisha maji ili kupata haidrojeni, huiunganisha na kaboni dioksidi kupata methanoli, kisha methanoli hiyo hugeuzwa petroli. Yote hayo huitwa mafuta endelevu, lakini udhaifu wake haufanani hata kidogo. Makapi ya zabibu hayanyang'anyi mtu chakula, ila hayawezi kuongezeka eti kwa sababu wenye magari wameyataka. Petroli ya umeme, kama ile ya Haru Oni, haina kikomo hicho. Tatizo lake ni ulafi, kwa kuwa kila hatua ya kuitengeneza hupoteza sehemu ya nishati, na injini nayo hupoteza karibu nusu au zaidi ya kilichobaki kwa njia ya joto. Umeme huohuo ungetiwa moja kwa moja kwenye betri, gari lingekwenda umbali mrefu zaidi kwa mara kadhaa.

Mbio zimewahi kubadili mafuta kwa nia njema na kukutana na jambo jingine. Baada ya ajali ya moto iliyoua madereva wawili katika mbio za Indianapolis 500 nchini Marekani mwaka 1964, petroli iliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na methanoli, ambayo ni salama zaidi na huzimwa kwa maji. Hata hivyo, moto wa methanoli hauonekani mchana, hivyo mtu aliweza kuungua huku wenzake wakishangaa anarukaruka kwa nini.

Nisieleweke kwamba nayapinga mabadiliko haya. Ripoti ya Formula 1 yenyewe ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa mafuta yanayochomwa na magari katika mbio na majaribio yalisababisha asilimia 0.7 tu ya uchafuzi wake wa kaboni, wakati usafirishaji wa mizigo ulichukua asilimia 45. Maana yake ni kwamba kubadili kilichomo tangini hakupunguzi sana uchafuzi wa mchezo huu, na kwamba faida kubwa inayoweza kupatikana ni ya maabara, yaani kujaribu katika mazingira magumu mafuta ambayo baadaye yangefaa magari yaliyoko barabarani leo, ambayo hayatatoweka kesho. Lakini maabara inayoficha vipimo vyake haimfundishi mtu chochote.

Kanuni za Formula 1 za 2026 zinamwachia kila mtengenezaji achague malighafi, almuradi isishindane na chakula. Naelewa kwamba mchanganyiko kamili ni siri ya biashara. Ninachoomba ni kidogo: kila timu itangaze pamoja na matokeo ya mbio chanzo cha kaboni na kiasi cha nishati kilichotumika kwa kila lita, na waandishi wako waulize pale isipotangazwa. Huu si mchezo usiojua ukali. Mwaka 2021 nchini Hungaria, Sebastian Vettel alimaliza wa pili, kisha akafutiwa matokeo kwa sababu gari lake halikuweza kutoa sampuli ya lita moja ya mafuta iliyotakiwa. Zilipatikana mililita 300 tu. Wanaoweza kumnyang'anya dereva nafasi ya pili kwa upungufu huo wanaweza pia kutuambia ile lita moja imetengenezwa kwa kitu gani.

Msomaji wako