Bahasha za wazee wetu wa Kagera

Shikamooni wazee wangu. Vijana, wasomeeni wasioona vizuri.

Jana nilikaa na mzee mmoja hapa Majengo, mpiga mizinga wa Vita vya Kagera vya 1978–79. Redio inaunguruma hadi barabarani, naye kainamia spika akisema haisikiki. Bahasha yake imejaa vyeti vya hospitali, na hakuna hata kimoja kinachotaja jeshi. "Usikivu hafifu", basi. Iliniuma sana, maana hapo ndipo madai ya kuumia jeshini yanapokwama.

Mkienda hospitali ya KCMC au kwingine, mwambieni daktari mlikuwa kikosi gani, mlifanya kazi gani, masikio yalianza lini. Mwombeni aandike kama ugonjwa unaweza kuwa umetokana na kazi hiyo. Karatasi za zamani zimepotea? Mtafuteni mliyekuwa naye handaki moja aandike ushahidi sasa, angali na kumbukumbu.

Ile sheria ya PACT ya 2022 inayozungushwa humu ni ya wanajeshi wa Marekani, kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine. Sisi haituhusu. Anayewadai hela ya fomu za sheria hiyo, msimpe.

Jumamosi saa nne asubuhi leteni bahasha zenu kwangu tuzipange. Asiyeweza kutembea nitamfuata nyumbani.