Gereji ya bodi ipimwe kabla ya puti, si baada ya rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wenye magari, hasa sisi wa Dar es Salaam ambao ni nadra kumaliza mwaka bila kukwaruzwa na daladala au kugongwa na bodaboda kwenye foleni, kuhusu namna ya kumpata fundi bodi wa kuaminika. Tumezoea kuambiwa tuepuke gereji bubu na twende kwenye gereji zenye bango, uzio na risiti. Ushauri huo si mbaya, lakini hautoshi, kwa sababu gereji iliyonitia hasara ilikuwa na bango, uzio na hata kiti cha wageni chenye mto.

Miaka mitatu iliyopita daladala iliparuza gari langu, Toyota dogo jeupe la mtumba kutoka Japani, ikabonyeza mlango wa nyuma wa kushoto pamoja na ubavu ulio juu ya tairi. Dereva alitokomea kabla sijashuka, na mimi nilikuwa na bima ndogo tu, ambayo hulipa madhara unayomsababishia mtu mwingine na haigusi bati la gari lako mwenyewe. Nilizunguka gereji nne kuulizia bei, nikachagua ile iliyokuwa chini kuliko zote na iliyoahidi kumaliza kazi kwa siku tano. Nilikabidhiwa gari siku ya tisa, likiwa linang'aa kiasi cha kuiona sura yangu mlangoni, nikamshukuru fundi na kumwongezea hela ya soda. Masika yaliyofuata ulijitokeza ufa mwembamba kama unywele juu ya tairi. Kufikia mwezi wa Mei rangi ilikuwa imevimba, na asubuhi moja, nikiwa naosha gari, kipande chenye ukubwa wa kiganja kilianguka chini. Kilikuwa puti tupu, yaani ule ujiuji mzito unaopakwa kwenye bati na kukauka kabla ya rangi, nene kuliko kidole changu cha mwisho. Nyuma yake bati lilikuwa limebonyea vilevile lilivyoachwa na daladala, ila sasa lilikuwa limeota kutu.

Fundi wa pili, mtu mzima mwenye gereji ndogo Ilala isiyo na bango lolote, aligonga ubavu ule kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akacheka. "Mzee," akaniambia, "hapa hakuna bati, hapa umejengewa ukuta." Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Puti yenyewe si dhambi, kwa kuwa hata fundi bora huitumia. Kazi yake ni kuziba mawimbi madogo yanayobaki baada ya bati kunyooshwa, na kwa kazi hiyo hupakwa kwa unene wa milimita mbili au tatu, kisha husuguliwa kwa msasa hadi nyingi yake iondoke. Ikijazwa kwenye shimo badala ya bati kuvutwa na kugongwa lirudi mahali pake, haiwezi kudumu, maana bati hutanuka kwenye jua na kutikisika barabarani kwa namna ambayo puti nene haiwezi kuifuata, ikapasuka. Kwenye ufa huo maji huingia, na katika mji wenye hewa ya chumvi kama wetu kutu haihitaji kualikwa mara mbili.

Ubaya wa kazi ya bodi ni kwamba kasoro yake hufunikwa na hatua inayofuata. Fundi injini akikosea, gari litazima njiani na utajua siku hiyohiyo. Fundi bodi akikosea, praima, yaani rangi ya awali, hufunika puti, rangi yenyewe hufunika praima, na wewe huja kuchukua gari siku ambayo ushahidi wote umekwisha kufukiwa. Kwa hiyo mteja anayekagua gari lililokwisha kupulizwa rangi anakagua rangi tu. Fundi yule wa Ilala hakusubiri nimwombe. Aliniambia nije siku ya Alhamisi, kabla hajaanza kupiga puti, nilione bati likiwa tupu. Nilikwenda. Alinitaka nifumbe macho na kupitisha kiganja kwenye ubavu wote, kutoka sehemu nzima kwenda sehemu iliyonyooshwa, kwa sababu mkono huhisi bonde ambalo jicho halilioni. Nilihisi vijibonde viwili vidogo. Kimoja alikigonga tena palepale, cha pili akasema hicho ndicho cha puti. Tangu siku hiyo sina swali jingine la kwanza ninapoingia gereji mpya isipokuwa hili: je, utaniruhusu nije nilione gari kabla ya puti? Ambaye hana cha kuficha hujibu kwa kukutajia siku. Mwingine ataanza kuzungumzia usumbufu, vumbi, au bosi wake asiyependa wateja kuingia ndani.

(Nikiri hapa kwamba siku hiyo nililiona gazeti lako, Mhariri, likiwa limebandikwa kwenye vioo vya gari la jirani ili visirukiwe na rangi, na nilisoma nusu ya ukurasa wa michezo nikiwa nasubiri.)

Dalili nyingine hutokea mapema zaidi, wakati wa kuulizia bei. Fundi anayetaja bei kwa simu baada ya kutumiwa picha moja anauza rangi, kwa sababu picha haioneshi kilicho nyuma ya bampa. Fundi makini hulizunguka gari, hufungua na kufunga milango akisikiliza inavyogonga, hulinganisha mianya kati ya boneti na fenda za pande zote mbili, hunyanyua zulia la buti kuangalia kama sakafu imejikunja, na ndipo huandika makadirio yanayotenganisha kunyoosha, spea na rangi. Pia hukueleza yale ambayo hawezi kuyajua mpaka afungue, na mnakubaliana kwamba akikuta jambo jipya atakupigia simu kabla ya kuendelea. Makadirio yenye tarakimu moja tu chini ya karatasi hayakusaidii siku ya ubishi. Kama kuna spea itakayobadilishwa, sema tangu mwanzo kwamba ile ya zamani unaitaka mkononi, hata kama ni bampa lililovunjika vipande viwili. Anayejua atadaiwa kitu cha zamani hatakuandikia kipya ambacho hakukifunga.

Kuhusu rangi nitasema machache, ingawa ndiyo huzusha ugomvi mwingi. Magari ya Toyota yana kibati chenye msimbo wa rangi, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na maduka mazuri ya rangi huchanganya kwa kufuata msimbo huo. Sisi tunasema "nyeupe" tukadhani tumemaliza, kumbe 040 ni nyeupe ya kawaida na 070 ni nyeupe yenye lulu, ambayo hupulizwa kwa matabaka matatu: rangi ya chini, tabaka la lulu, kisha tabaka la juu linaloonesha kilicho chini yake. Anayekutoza bei ileile kwa zote mbili ama hajui ama ameamua kuruka tabaka moja. Gari lipokelewe asubuhi kwenye jua, kwa kuwa jioni chini ya mwembe nyeupe zote hufanana.

Liko jambo zito zaidi ya sura ya gari. Gari lililogongwa mbele hadi mifuko ya hewa inayowakinga waliomo ikafumuka haliwezi kurudishiwa mifuko ileile, kwa sababu kila mmoja hutumika mara moja tu, na mipya ni ghali. Zipo kazi ambapo dashibodi hushonwa au kubandikwa vizuri kabisa na nyuma yake pakaachwa patupu. Ukifungua swichi, taa nyekundu ya mifuko hiyo, yenye alama ya mtu na duara kifuani, inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeiondoa usione. Vilevile muulize fundi kama atachomoa waya za betri kabla ya kuchomelea, maana umeme wa mashine unaweza kuunguza vifaa vya kielektroniki, na kama gari liligongwa upande wa magurudumu, likapimwe mpangilio wa matairi kabla hujamaliza kulipa. Gari jipya la rangi linalovuta kushoto barabarani halijapona.

Wenye bima kubwa wanaweza kudhani haya hayawahusu, kwa kuwa kampuni huwapeleka kwenye gereji iliyo kwenye orodha yake. Mimi sioni hivyo. Orodha ile inaonesha kwamba gereji na kampuni wameelewana kuhusu malipo, na wakati mwingine mvutano wa bei kati yao ndio unaomfanya fundi afupishe kazi. Aliyekaa na gari ni wewe. Usisaini karatasi ya kukiri kwamba umeridhika kabla ya kuliendesha gari na kulitazama mchana, kwa sababu saini hiyo ndiyo itakayorushwa mezani utakaporudi na malalamiko. Mgogoro ukishindikana kumalizwa na kampuni, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA; lakini huko kote utaulizwa maandishi na picha, na asiyekuwa navyo atabaki kusimulia.

Sitaki nieleweke kwamba nawashambulia mafundi. Wengi walio bora walijifunza kwa kumbebea nyundo fundi mkubwa chini ya mti, na ni jambo jema kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa aina hiyo uliopatikana kazini, ili fundi wa namna hii naye awe na cheti chake ukutani. Kosa jingi ni letu wateja. Tunapunguza bei mpaka fundi hana pa kutoa fedha isipokuwa kwenye muda wa kunyoosha, tunataka gari Ijumaa kwa sababu Jumamosi kuna harusi, na tunapotaka kuliuza tunaagiza wenyewe lipigwe sopsop, yaani lirembwe juujuu, ili mnunuzi asione kitu. Rahisi huvunja upishi, na upishi huo mara nyingi tumeuagiza sisi.

Ninachoomba kwa kampuni za bima ni kidogo na hakina gharama: katika fomu ya kupokelea gari kiongezwe kisanduku cha tarehe ambayo mteja aliliona bati kabla ya puti, pamoja na saini yake. Wenye gereji wanaweza kukianzisha hata kesho kwenye makadirio yao bila kusubiri kampuni. Mimi gari langu liko tena kwa fundi wa Ilala tangu Jumatatu, safari hii kwa sababu ya nguzo ya geti niliyoigonga mwenyewe, na ameniambia nifike Alhamisi saa tatu asubuhi.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam