Kubadili betri ya gari ya spoti mwenyewe: pima kwanza, na boneti ya mbele usiifunge

Jumamosi asubuhi ndo tunapokea simu za aina hii. Gari imelala chini ya turubai tangu mwezi uliopita, leo mwenyewe kaamka vizuri anataka kuitoa kidogo avuke nayo Kigamboni, anabonyeza rimoti kimya, anafungua mlango kwa ufunguo, anapiga stata inalia tk tk tk halafu taa za dashibodi zinazima zote. Anatupigia: nileteeni betri. Sisi kazi yetu ni kuuza betri, tungeweza kusema sawa bosi tunakuja na mambo yakaisha, ila kwa hizi gari za spoti tumeshaona sana betri iliyoitwa mbovu kumbe imeishiwa chaji tu, na tumeona betri mpya kabisa inakufa kwa sababu kilichoiua ile ya kwanza hakuna aliyekitafuta. Kwa hiyo tunaandika haya kwa mwenye Porsche Boxster, Mazda Roadster au RX-8, Toyota 86, Subaru WRX au BMW Z4 hapa Dar, ambaye ana spana zake na angependa kufanya kazi hii mwenyewe nyumbani. Inawezekana, na kwa gari nyingi hata saa nzima haiishi, ila pima kwanza.

Gari ya spoti betri yake haichoshwi na mwendo, inachoshwa na kukaa. Ukiwa umezima na kufunga milango bado kuna vitu vinakula umeme kidogokidogo, alamu, rimoti inayosubiri kusikia ufunguo wako, kompyuta za gari, saa. Gari nzima iliyolala vizuri inatakiwa itumie chini ya miliampea 50 hivi. Unaona ndogo, ila piga hesabu: miliampea 50 kwa masaa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, kwa hiyo betri ya ampea-saa 60 ndani ya siku 25 imepoteza 30, yaani nusu, na wewe hujaigusa gari. Sasa ongeza traka uliyofungiwa baada ya gari kutoka bandarini, ongeza amplifaya ya muziki iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri, na joto la Dar ambalo lenyewe linaizeesha betri kwa ndani, utaelewa kwa nini gari ya kwenda sokoni kila siku inadumu na betri yake wakati hii nzuri inayofunikwa inasumbua. Na betri ya risasi haipendi kuachwa tupu, ikikaa wiki kadhaa bila chaji sahani zake zinafanya sulfeti ngumu, hapo hata uichaji haitarudi kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo chukua mita, zile za bei rahisi za mafundi redio zinatosha. Gari ikiwa imelala masaa kadhaa pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, sio kwenye klipu za waya. Volti 12.6 au 12.7 betri imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.0 karibu imeisha. Halafu mtu apige stata wewe ukiwa unaangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ulishaichaji ikajaa, hiyo betri imechoka kweli, nunua nyingine. Gari ikiwaka pima tena, uone 13.8 mpaka 14.5 hivi. Ukiona 12 na kitu wakati injini inanguruma basi tatizo lako ni alteneta au mkanda au waya, betri mpya utaimaliza kwa siku mbili tatu. Na kabla ya yote hayo angalia vichwa vya betri. Wanaokaa karibu na bahari, Masaki, Mbezi Beach, Kigamboni, wanajua ule unga mweupe au wa kijani, huo peke yake unatosha kuizuia gari isiwake. Osha kwa maji ya moto yenye baking soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza vizuri, paka grisi kidogo juu. Tumewarudisha wateja nyumbani na betri zao zilezile kwa kazi hii tu na hatujutii.

Umepima, imekufa. Sasa usije dukani ukasema "nipe NS60" kwa sababu jirani mwenye IST ndo anatumia. Soma kibandiko cha betri iliyomo. Kwenye gari za Kijapani utakuta maandishi kama 55D23L, hiyo 55 ni nguvu yake, D ni aina ya upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha chanya iko upande gani. Ukiiweka betri mbele yako vichwa vikiwa upande wa kwako, L chanya iko mkono wa kulia, R iko kushoto. Herufi hii moja inaleta shida kuliko vyote, maana mtu ananunua R mahali pa L, waya hazifiki, anazivuta, anazigeuza, mwisho anaunga chanya kwenye hasi na hapo fyuzi kubwa inaungua, wakati mwingine na alteneta inaondoka nayo. Halafu zile ndogo za B24 zipo zenye vichwa vyembamba na zenye vichwa vinene, vinene vina S mwishoni, 46B24LS. Klipu ya kichwa kinene ukiivalisha kwenye kichwa chembamba haikazi, inatikisika, na gari ya spoti inavyotembea ngumu hiyo utaisikia.

Gari za Ulaya ni habari nyingine. Betri zao zina ukingo chini, na gari inaikamata betri kwa kibano kinachobana huo ukingo, wakati Mjapani anaikamata kwa chuma cha juu na vyuma viwili vyenye ndoano. Kwa hiyo hata kama betri ya Kijapani inaingia kwenye nafasi ya Boxster, haina pa kukamatwa, na betri ya kilo kumi na kitu inayocheza ndani ya gari inayokata kona kwa kasi sio kitu cha kuvumilia. Tukikwambia subiri tukuletee ya DIN, yaani hiyo ya Ulaya yenye ukingo chini, subiri.

Tuchukue Boxster yenyewe, ile ya 987 iliyotoka kuanzia mwisho wa 2004, maana ndo inawatisha watu na kwa kweli ni rahisi ukijua kitu kimoja. Injini iko nyuma ya viti, betri iko mbele, kwenye buti ya mbele, chini ya kifuniko cha plastiki karibu na kioo. Na hiyo boneti ya mbele loki yake inafunguka kwa umeme. Umeona tatizo? Betri ikifa kabisa huwezi kuifikia betri. Watu wamewahi kutaka kuivunja na bisibisi, tafadhali usifanye hivyo, Porsche waliliwazia. Kwenye boksi la fyuzi, chini pembeni pale miguu inapokaa, kuna pini nyekundu unaivuta nje. Chukua betri nyingine, unga chanya kwenye hiyo pini, hasi kwenye chuma cha loki ya mlango, kile kinachotokeza kwenye bodi mlango unapofunga, halafu bonyeza rimoti kitufe cha boneti ya mbele. Alamu inaweza kulia, iache ilie, utaizima kwa rimoti. Hiyo pini ni ya kufungulia tu, usipige stata kupitia pale, waya wake ni mwembamba utaungua.

Na sasa kile kitu kimoja: ukishafungua, na mpaka betri mpya iwe imekazwa na umejaribu taa zinawaka, boneti ya mbele usiifunge. Weka taulo nene juu ya loki ili hata upepo ukiipiga isijifunge. Teremsha vioo vya milango kidogo kabla hujachomoa chochote, kwa sababu milango haina fremu juu na kioo chake kinashuka kidogo kila unapofungua mlango, bila umeme hakishuki na ukifunga kwa nguvu unagonga kioo kwenye mpira wa paa. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ nazo vioo vyake viko hivyohivyo.

Kuchomoa kunafanana kwa gari zote. Vua pete na saa ya chuma, zima kila kitu, ufunguo usikae kwenye swichi. Spana namba 10, hasi kwanza, ipeleke pembeni ifunge na kitambaa isirudi, ndo uende kwenye chanya. Sababu yake ni kwamba bodi nzima ya gari ni hasi, ukianza na chanya na spana ikagusa bodi unapata cheche inayoyeyusha chuma. Kuweka ni kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho. Kibano cha chini kwenye Boxster ni bolti ya 13, inahitaji ekstensheni ndefu, na ukiiachia mkononi itadumbukia chini na kukupotezea nusu saa kwa hiyo weka sumaku au kitambaa. Kuinua nako ni kwa akili, unainama mbali ukiwa umenyoosha mikono, mtu wa pili akusaidie.

Roadster za zamani, Eunos ile ya kuanzia 1989 na iliyofuata, betri iko kwenye buti ya nyuma upande wa kulia. Buti inafunguka kwa ufunguo kwa hiyo hakuna maigizo, ila hapa ndo makosa ya aina ya betri yanaonekana zaidi. Betri ikichajiwa inaweza kutoa gesi ya haidrojeni na mvuke wa asidi, ndo maana Mazda waliweka betri ndogo iliyofungwa yenye mirija miwili ya kupeleka gesi nje ya gari. Mtu akija kuweka betri ya maji ya kawaida isiyo na mirija, asidi inakula chuma cha buti taratibu, unainua zulia unakuta kutu, na hiyo gesi uko nayo ndani ya kibanda kimoja. Kwenye buti weka AGM, aina iliyofungwa isiyo na maji ya kumwagika, yenye tundu la mirija, na mirija uirudishe. Ni ghali zaidi na tunajua utanung'unika bei, ila kwa gari hii hatutakuuzia nyingine.

WRX na 86 ziko mbele chini ya boneti, wazi kabisa, hazihitaji hadithi. RX-8 nayo iko mbele ndani ya boksi lake, tunaitaja peke yake kwa sababu injini ya rotari inataka stata izunguke haraka, betri dhaifu ikizungusha polepole mafuta yanajaa ndani, plagi zinalowa, na gari inagoma kwa sababu ambayo wewe unadhani ni injini. Kwa RX-8 usisubiri betri ife, ikianza tu kuchelewa ibadilishe.

BMW hizi za karibuni, Z4 ya E89 kwa mfano, kufunga betri utaweza ila gari inahesabu umri wa betri na kuichaji kulingana na huo umri, kwa hiyo betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine. Usiposajili itaendelea kuichaji kama mzee. Hasi yake ina sensa ndogo imeshikana na klipu, usiivute wala kuigonga. Hii tunaomba uilete, au uite fundi rewaya mwenye mashine hiyo.

Ukimaliza usikimbilie barabarani. Kwenye Boxster washa swichi bila kupiga stata, usiguse mafuta, subiri dakika moja, zima, subiri sekunde kumi, ndo uwashe. Pandisha kila kioo mpaka juu na ushikilie swichi sekunde chache ili kijue tena mwisho wake. Taa ya usukani au ya kuzuia kuteleza ikibaki imewaka zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia kisha endesha kidogo, mara nyingi inazima yenyewe. Redio za zamani zinaomba namba ya siri (code), itafute kwenye vitabu vya gari kabla hujachomoa betri.

Kama gari itaendelea kukaa muda mrefu nunua chaja ndogo ya kuhifadhi, zile zinazojipunguza zenyewe betri ikijaa, zinakula LUKU kidogo sana. Kuwasha gari dakika tano ikiwa imesimama hakusaidii, stata imechukua umeme na alteneta haijapata muda wa kurudisha.

Betri kuukuu usimpe mtu anayemwaga asidi mtaroni ili auze risasi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliumizwa na risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Watoto ndo wanaumia zaidi na hiyo sumu. Leta betri kwetu ikiwa na maji yake ndani, imesimama wima, tunaipunguza kwenye bei ya mpya na inaenda kwa wanaoruhusiwa kuichakata.

Ukitaka tukuandalie betri tutumie picha ya kibandiko cha iliyomo, picha ya pale inapokaa ili tuone kibano na mirija, aina na mwaka wa gari, na volti ulizopima. Ukifika dukani dai tuipime mbele yako, isiwe chini ya 12.5, na uangalie tarehe ya kutengenezwa, betri iliyokaa rafu mwaka mzima bila kuchajiwa usiikubali hata kama ni sisi tunakupa.